Aya Iliyopisha Plau

Kabla hujaandika neno "mfupa", jiulize ni nani anao nyumbani kwake. Najua mnacheka. Mpwa wangu naye alicheka nilipomwambia hivyo. Yeye ana shahada ya biolojia, anaandika habari za wanyama wa kale kwenye simu, na watu wanamsifia kutwa nzima. Nikamwambia akae chini nimhadithie habari ya kijitabu changu cha dinosaria na taya la kijiji cha Migato. Alipoondoka hakuwa anacheka tena, na ndiye aliyenishurutisha niwaandikie na ninyi wenzake mnaoianza kazi hii. Mnivumilie tu. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa, na haya ninayowasimulia hayajanipunguzia.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bariadi, enzi hizo mkoa wa Simiyu haujazaliwa na sisi tunahesabiwa Shinyanga. Baadaye nikahamishiwa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ikawa kuandika vijitabu vya watu waliokwisha jua kusoma lakini hawana cha kusoma. Aliyenifundisha ni mkuu wangu, Bwana Kulwa, mzee mkali, vidole vyeusi kwa wino wa mashine ya kudurufu. Ukimpelekea ukurasa hausomi. Anafumba macho, anakuambia umsomee kwa sauti, na pale pumzi inapokukatikia anasema, "Kata hapo." Nilimchukia mwaka wa kwanza. Mpaka leo nasoma kila nilichoandika kwa sauti, peke yangu jikoni, na majirani wamezoea.

Tulikuwa tumeandika samadi, tumeandika pamba, tumeandika kuhara, tumeandika samadi tena. Siku moja kule Nyashimo mama mmoja wa kisomo akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, habari za samadi tumeshiba. Hivi duniani kulikuwa na nini kabla ya watu?" Darasa zima likacheka, lakini walikuwa wanasubiri jibu. Nikawaambia nitawaletea. Ndivyo nilivyoingia kwenye dinosaria, mimi ambaye mjusi wa ukutani tu ananikimbiza.

Nilianza vibaya. Niliandika kwamba yule mwenye shingo ndefu, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru kule Lindi ikapelekwa Ujerumani, alikuwa na urefu wa mita ishirini na zaidi. Nikawasomea Nyashimo, nyuso zikalala. Mita ishirini ni kitu gani? Nikarudi nikaandika upya: panga ng'ombe kumi waliokomaa, pua ya mmoja iguse mkia wa mwenzake, halafu wafanye wote wawe mnyama mmoja. Nilipowasomea hiyo, mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa huyo alikuwa ananywa lambo gani?" Hapo nikajua ameshamwona. Mtu akianza kumtafutia mnyama maji, basi mnyama ameingia kichwani.

Muda nao ulinitesa. Miaka milioni mia moja na hamsini haina maana kwa mtu yeyote, hata kwangu. Nikatumia kamba ya kufungia ng'ombe. Ncha hii ndipo dunia ilipoanza. Unatembea na kamba muda mrefu bila kukuta mnyama hata mmoja. Dinosaria wanatokea umekaribia kumaliza, wanatoweka umekaribia zaidi, na sisi watu hatutoshi hata kwenye vile vinyuzi vilivyofumuka mwishoni. Kamba hiyo nilizunguka nayo vijiji vyote. Wapo waliodhani nimekuja kununua ndama.

Na kuku, jamani. Niliandika kwamba dinosaria hawakuisha wote, kwamba wale wadogo waliotembea kwa miguu miwili walibadilika kizazi kwa kizazi, wakaota manyoya, na ndege tunaowaona leo ni uzao wao. Pale Mwandoya mzee akasimama, akamgeukia mkewe, akasema, "Unaona sasa? Wazee walipowakatazeni ninyi wanawake kula kuku, mlisema ni uchoyo. Kumbe walikuwa wanawakinga na lijusi." Yule mama akamjibu bila kuinua macho, "Basi na wewe leo usile lijusi langu." Nilicheka mpaka kamba ikaniponyoka.

Makosa niliyafanya pia, tena ya kuchora. Nilimchora dinosaria akiburuza mkia kama mamba aliyeshiba, maana kitabu nilichokuwa nacho kilimchora hivyo. Baadaye nikasoma kwamba kwenye nyayo zao zilizobaki kwenye miamba, alama ya mkia kuburuzwa haionekani mara nyingi. Waliunyanyua. Ilibidi nirudi vijijini nikaseme nilikosea, na hakuna aliyenidharau. Sayansi ina ruhusa ya kujisahihisha, na ninyi itumieni bila aibu. Ila kuna makosa ambayo hayasubiri toleo la pili.

Haya. Likaja soko huria. Madukani vitu vikajaa, pamba ikaanza kununuliwa na watu binafsi wenye malori yao, na ofisini kwetu karatasi zikaisha na hazikuletwa nyingine. Bwana Kulwa akapunguzwa kazi. Akaondoka na kikombe chake cha chai tu, na mashine ya kudurufu ikabaki imefunikwa kanga. Mimi nikarudishwa darasani, nikiwa na mswada wa dinosaria kwenye mfuko wa plastiki.

Pale mjini alikuwepo Bwana Salum, mfanyabiashara wa vipuri vya baiskeli, mtu wa Ujiji, mcheshi, mswalihina. Alikuwa amenunua mashine ndogo ya kuchapa, anatoa kadi za harusi na stakabadhi za wanunuzi wa pamba. Nikamwomba achape kijitabu changu. Akapindua picha, akasema, "Mwalimu, huyu mjusi atauzika." Akapata mwenye duka la plau, zile za kulimia kwa ng'ombe, wa kulipia karatasi, kwa masharti kwamba tangazo lake liwe humo ndani. Nilifurahi. Nikamkabidhi kila kitu, nikaenda zangu kusahihisha mitihani.

Sasa sikilizeni kilichokuwa mwisho wa kijitabu. Nilieleza kwamba mfupa ukifukiwa na matope, ukakaa ardhini muda mrefu mno, maji huingiza madini ndani yake kidogo kidogo mpaka unakuwa jiwe, na kwamba kwa mifupa ya namna hiyo ndiyo tumewajua dinosaria. Baada ya hapo niliweka aya ya mwisho. Naikumbuka neno kwa neno:

"Lakini, ndugu msomaji, huku kwetu usiwatafute. Mawe ya vilima vyetu ni ya kale kuliko dinosaria, yalikuwepo kabla yao. Na udongo wa mabonde na mito yetu ni wa juzi, ulikuja wao wameshakwisha. Ukikuta huku mfupa mzito kama jiwe, ni wa mnyama mwingine, pengine ndugu wa hawa unaowafuga. Usiogope. Uache ulipo, ukamwambie mwalimu."

Kijitabu kilipotoka aya hiyo haikuwemo. Mahali pake palikuwa na picha ya plau. Nikaenda moja kwa moja dukani kwa Salum.

"Usikasirike, mwalimu," akasema. "Ile aya inavunja watu moyo. Unamwuzia mtu mjusi, halafu unamwambia kwao hayupo? Na mwenye plau ametaka picha kubwa."

Nilinung'unika, nikaondoka. Nikajipa moyo kwamba hakuna uongo uliochapwa, na kweli hakuna. Kila sentensi iliyobaki mle ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mvua za mwaka ule zilichelewa. Asubuhi moja, nikiwa darasani, akaja Mwalimu Maduhu wa Migato, amepanda baiskeli kutoka kwao, vumbi mpaka kwenye kope. Akaniita nje. Akanieleza kwamba kijijini kwake kuna mjane mmoja, Bibi Nkwimba, alikuwa anachimba maji kwenye kingo za mto uliokauka, kama wanavyofanya wanawake wote wakati wa kiangazi, akakuta taya. Taya kubwa, zito, limegeuka jiwe. Akalibeba kwenda nalo nyumbani. Siku chache baadaye kisima kile kikakauka.

"Wakamuuliza ni kitu gani ulichokitoa," Maduhu akasema. "Mjukuu wake alikuwa amemsomea kijitabu chako. Akajibu ni yule mjusi wa kitabu cha mwalimu. Sasa sungusungu wameitisha dagashida."

Sungusungu ni walinzi wa jadi wa kijiji, na dagashida ni baraza lao kubwa, wanaume wote wanakaa. Nikamuuliza wanataka nini. Akasema wanasema ametoa kitu kilichokuwa kimeshika maji, na wanataka kumtenga. Kwa asiyejua, kutengwa ni hivi: hupewi moto, huchoti maji na wenzio, hakuna anayekusalimia, na ukifiwa unazika mwenyewe. Kwa mjane mzee hata hiyo siyo mwisho. Miaka ile vikongwe walikuwa wanauawa kwa mapanga kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na macho yalikuwa mekundu kwa kupikia kinyesi cha ng'ombe kikavu, kuni hakuna. Akishatengwa, anayetaka kumfuata nyumbani anajua hakuna atakayetoka akisikia kelele. Maduhu hakulisema hilo. Nami sikuuliza.

"Mtemi wa sungusungu amesema aitwe aliyeandika kitabu, aseme mwenyewe kama ndiye yule au siye," akaniambia. "Mwalimu, nakuomba. Wewe sema ndiye. Kitabu wanakiheshimu. Ukisema ndiye, bibi amepona."

Nikaazima baiskeli. Tukaendesha sambamba, mimi na Maduhu. Nilijua siye. Nilijua bila kuliona, kwa yale yale ya aya iliyokatwa, kwamba mto wa Migato hauwezi kuwa na dinosaria. Miaka yote nimejitapa kwa watu kwamba sayansi haidanganyi. Sasa ukweli ungesema hapana, siye, na bibi angebaki mbele ya watu na kitu kisicho na jina. Uongo ungesema ndiye, na angeenda kulala kwake. Tulipofika mahali barabara inapokuwa nyembamba na lazima mmoja atangulie, nilikuwa nimeshaamua. Nitadanganya. Nawaambia wazi, nilikuwa nimeshaamua na wala sikuona aibu, niliona hofu tu.

Watu walikuwa wamekaa uwanja wa mnada wa ng'ombe. Wanaume duara, fimbo magotini. Wanawake mbali kidogo. Bibi Nkwimba alikaa peke yake chini, amefunga mikono ndani ya kitenge, na hakuna aliyekuwa karibu naye hata kwa kivuli. Nilimsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," yaani habari za mchana, mama. Akaitikia kwa sauti ndogo. Watu wakanitazama, kwa sababu nilikuwa wa kwanza kumsalimia siku hiyo.

Mtemi alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, na utaratibu wake ndio ulionitisha zaidi. "Mayu mwalimu," akasema, "wabeja, asante kwa kuja. Hatukukuita kwa ubaya. Wewe umeandika, bibi amesema. Tazama, utuambie. Ni huyo mjusi wako?"

Wakaniwekea taya mikononi. Lilikuwa zito kweli, rangi ya kahawia, baridi. Nikafungua mdomo niseme ndiye.

Nikaona meno.

Meno ya dinosaria wengi yalikuwa kama vigingi au kama visu. Yule wa Tendaguru hakutafuna, alikwanyua majani akameza. Haya yalikuwa magego, mapana, yamepangana, na juu yake kila moja lina mikunjo iliyopinda kama mwezi mchanga, ile mnayoiona kwa mnyama anayecheua. Nikainua macho. Mstari wa mbele walikaa wazee ambao maisha yao yote wamefungua vinywa vya ng'ombe kutazama umri kabla ya kununua. Mmoja alikuwa ameshainama mbele anatazama meno yale, uso umekunjamana, anataka kusema kitu na anaogopa kukisema.

Nikaelewa nilichokuwa nataka kufanya. Kama ningesema mjusi, yule mzee angesema, mbona ana meno ya ng'ombe? Na kitu gani duniani ni mjusi mwenye meno ya ng'ombe, kimetoka ardhini, kimekausha maji, kimelala nyumbani kwa mjane? Uchawi mtupu. Uongo wangu wa huruma ungemmaliza palepale, na mimi ndiye ningekuwa shahidi.

"Baba," nikamwambia mtemi, "kabla sijajibu, naomba taya la ng'ombe. Hapa mnadani halikosekani."

Wakatazamana. Mtemi akamwamuru mchinjaji, akaleta moja, bado lina ukano. Nikaliweka chini kando ya lile la jiwe. Nikasogea nyuma. Nilijizuia nisiseme neno, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi kuliko kuandika kitabu.

Wakainama. Yule mzee wa mbele akaweka kidole kwenye gego hili, akaweka kwenye gego lile. Akampisha mwenzake. Mataya yakazunguka duara, mkono kwa mkono, na mnong'ono ukazunguka nayo kwa Kisukuma. Lile la jiwe likarudi kwa mtemi. Naye akalipitishia kidole gumba.

"Ng'ombe," akasema. "Ila ni mkubwa mno."

"Si ng'ombe wenu," nikasema. "Nionavyo mimi ni wa jamii ya mbogo, mbogo wa kale aliyekuwa mkubwa kuliko wa leo. Ng'ombe na mbogo ni ukoo mmoja, wametokana mahali pamoja, ndiyo maana meno yanafanana. Alikufa mtoni, matope yakamfunika, maji yakamgeuza jiwe. Bibi hakutengeneza kitu. Amekikuta."

"Na kitabu chako kimesema mjusi."

"Kitabu hakikusema. Kitabu kilinyamaza mahali kilipotakiwa kusema."

Kijana mmoja wa sungusungu akauliza, "Na maji je? Mbona yamekauka?"

Nikamwambia sijui visima vyao, na nikaomba waulizwe wanaochota. Kisha mama mmoja kule kwa wanawake akasema bila kusimama kwamba visima vya upande wa juu vilikauka kabla ya cha bibi, na kwamba wao walishaanza kwenda mbali kuchota kabla taya halijatoka. Wengine wakaitikia. Mtemi akawatazama wote kwa zamu, kama mtu anayehesabu mifugo inapoingia zizini.

Akaamua kwamba bibi hatatengwa. Taya lirudishwe lilikotoka, lifukiwe, maana mnyama wa mtoni ni wa mtoni. Nilitaka sana kulichukua lile taya. Lingepelekwa makumbusho, wataalamu wangelitazama, na tungejua kwa uhakika ni mbogo gani. Neno lilinifika mdomoni. Nikamwangalia Bibi Nkwimba, mikono bado imefungwa ndani ya kitenge, nikalimeza. Wakalifukia jioni ileile, na mvua za masika zilizofuata zilibeba kingo zote za pale.

Msidhani nililala vizuri baada ya hapo. Watu wakisema yameisha, mimi nasikia "kwa leo". Kila siku ya gulio nilikwenda sokoni Bariadi, nazunguka upande wanaouzia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, namtafuta Bibi Nkwimba. Nikimwona nanunua michembe nisiyoihitaji. Nisipomwona sili. Gulio moja hakuja, la pili hakuja, nikamwandama kila mtu wa Migato mpaka nikaambiwa ana homa tu, anaendelea vizuri. Salum alinitania kwamba nitafungua duka la michembe. Sikumcheka. Nilimwambia toleo la pili halichapwi bila aya yangu, na safari hii naiweka mimi mwenyewe.

Nikaitoa mwisho nikaiweka mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza: "Huku kwetu dinosaria hawapo." Salum akalalamika kwamba hakuna aliyewahi kuanza kuuza kitu kwa kusema hakipo. Kikauzika vilevile. Na hili ndilo la kazi ninalowaachia, ninyi mnaoandika. Anayetaka nafasi hukata kutoka chini. Kwa hiyo tahadhari isikae chini. Iweke mahali ambapo akiikata itabidi akate kitu chote.

Kijitabu kipya kilipotoka nilimsubiri Bibi Nkwimba gulioni. Nikakaa naye kando ya kikapu chake, nikamsomea mstari ule kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma ili usipotee. Nikamwambia kwamba maneno hayo niliyaandika tangu mwanzo, kabla hajaliona lile taya. Alisikiliza vizuri, kichwa ameinamisha.

"Mwanzo yalikuwa wapi?" akauliza.

"Yaliondolewa, bibi. Kupisha tangazo la plau."

Akaendelea kupanga michembe yake mafungu mafungu, anaongeza hapa, anapunguza pale. Nilidhani ameliacha. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua bei.

"Plau yenyewe, inalima vizuri?"